Kofia ya Baba kwenye Bazari la Hyderabad

Asalaam aleikum, watu wa Amu, yaani Lamu, na wote mnaonitazama. Mmezoea kuniona chumbani Hyderabad, India, ninakosoma, nyuma yangu pazia la kijani. Leo niko likizo, nimekaa hapa Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome ya Lamu, Ngome iko mgongoni kwangu. Punda wakilia mtanisamehe, nimependa kulizungumza jambo hili, soko la mafundi wetu wa mikono, papa hapa linapohusika.

Mwezi wa pili wanafunzi wenzangu walifanya soko la jioni katika uwanja wa chuo. Waliliiga kutoka Laad Bazaar, ule mtaa wa bangili unaoanzia Charminar, jengo la minara minne lililosimama tangu 1591. Ukipita Laad Bazaar usiku, bangili zimening'inia mlangoni hadi darini, zinametameta, na kila muuzaji anakuita. Wateja nao humwita muuzaji "bhaiya", yaani kaka, kisha wanaanza kuvutana bei. Wanafunzi walileta vyote hivyo chuoni: turubai, taa, makelele. Meza ilikodishwa kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Malipo ni kuskani kijikaratasi kilichobandikwa mezani, maana India tangu 2016 wana mfumo mmoja wa malipo ya simu unaounganisha benki nyingi, hata muuza chai wa barabarani anao. Sisi wa M-Pesa tangu 2007 hilo halitutishi.

Chakula sitakaa nacho sana. Kuna mirchi bajji, pilipili kubwa nzima iliyochovywa unga wa dengu ikakaangwa. Ni bhajia, jamani, ile ile. Nilikula tatu nikakumbuka jioni za Ramadhani nyumbani.

Kilichonigusa ni sharti moja walilojiwekea. Kama unauza kitu cha mkono, lazima aliyekitengeneza awepo akifanya kazi, au wewe muuzaji uwe unamjua na uweze kueleza kilivyotengenezwa. Wakamleta mzee mmoja fundi wa bangili, wakampa nafasi ya mbele kabisa, bila kumtoza chochote. Nilisimama kwake karibu saa nzima. Alikuwa na jiko dogo la makaa. Anachukua donge la lac, ile gundi ngumu inayotokana na wadudu wa mitini, analipasha moto mpaka linalainika, analiviringisha kwenye ubao liwe kama uzi mnene, analipaka rangi likiwa bado lina joto, analikunja duara, ncha mbili zinashikana. Halafu vijiwe vya kioo, kimoja kimoja, anavibandika kabla gundi haijapoa. Wasichana waliokuwa wamekuja kuvutana bei walinyamaza. Walilipa alichosema.

Mimi nilikuwa na meza ya pili kutoka kwake, na juu yake kofia nne za viua, zile za vitobo vya maua, alizozishona babangu. Kijana mmoja alichukua moja akaiinua juu ya taa, mwanga ukapenya kwenye vitobo, maua yote yakajitokeza kwenye kiganja chake. Akaniuliza, "Nani ameshona?" Nikamwambia: baba, barazani, miezi miwili, kila kitobo kimezungushiwa uzi kwa sindano. Akanunua ya kwenda nayo Ijumaa. Kabla ya saa mbili usiku zilikuwa zimekwisha zote nne.

Niliporudi hosteli nilimpigia baba nikamtajia bei. Akanyamaza muda, nikadhani simu imekatika. Ndugu zangu, ile kofia moja ilimpa zaidi ya alichokuwa akipewa na dalali kwa tatu. Dalali huchukua, kofia zinaondoka kwenda Mombasa na mbali zaidi, na huko hakuna anayejua ni mkono wa nani. Miaka yote hiyo mimi mwanawe nilikuwa naona ni kawaida. Hilo linaniuma.

Na wala si jambo geni kwetu. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi Amu kabla ya babu zetu kuzaliwa, yamebeba vitambaa vya Gujarati, na Mabohora, Waislamu wa Kihindi, walifungua maduka hapa hapa Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wetu. Hata Hyderabad kuna mtaa unaitwa A.C. Guards, kwa jina la kikosi cha askari wapanda farasi wa Kiafrika waliomtumikia mtawala wao, Nizam. Bahari hii watu wameivuka pande zote mbili.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wanafunzi mlioko likizo, wa Mombasa, Nairobi, Malindi, popote: tufanye jioni moja hapa Mkunguni. Ruhusa ya kaunti tutaiomba mapema. Anayeshona makubadhi Siyu aje na ngozi yake akate mbele za watu. Mama zetu wa Faza waje wasuke mikeka hapa hapa, ukindu mkononi. Wenye hina wapate meza, na mafundi wa kuchonga milango wapate meza. Sisi tufunge turubai, tushike hesabu, tueleze wageni. Bei aitaje aliyetengeneza. Hilo moja msilibadilishe, mengine yote tutashauriana.

Ijumaa baada ya alasiri nitakuwa hapa chini ya mkungu na daftari, naandika majina. Baba amesema atakuja na sindano yake. Kofia aliyoianza juzi haijafika hata robo.