Kuamsha msuli wa paja baada ya upasuaji wa goti

Hamjambo, karibuni. Leo nazungumza na wewe uliyewekewa kano mpya ya mbele ya goti, ile ambayo wanamichezo wanaiita ACL, na sasa unaliambia paja likaze lakini halisikii.

Usiogope, msuli haujakatika. Goti likijaa maji, neva zake hupeleka taarifa zinazofanya msuli wa mbele wa paja uzuiliwe. Kwa hiyo uvimbe kwanza: funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika 15, mguu ukiwa juu kuliko kifua.

Sasa kaa kitandani, nyoosha mguu. Viringisha taulo, liweke chini ya kisigino. Chini ya kisigino, ndugu yangu, si chini ya goti! Najua mto chini ya goti unaleta nafuu, lakini goti likizoea kukaa limepinda, kulinyoosha baadaye ni kazi ngumu mno, na utachechemea.

Weka kiganja juu ya paja. Sukuma goti chini, kama unataka kuligusisha godoro. Tazama pia ya goti, kile kifupa cha mviringo kilicho mbele ya goti: msuli ukikaza, pia inapanda kidogo kuelekea nyonga. Haipandi? Kaza mapaja yote mawili kwa pamoja, ule mguu mzima uufundishe mwenzake. Hesabu hadi 5, legeza kabisa, rudia mara 10. Usibane pumzi. Na kama unakaza makalio badala ya paja, kiganja kitakuambia, maana chini yake kutabaki laini. Rudia zoezi hili mara kadhaa kwa siku. Siku za kwanza unaweza kuona mtikisiko mdogo tu. Huo nao ni mwanzo.

Paja likishatii, lala chali, kunja ule mguu usiofanyiwa upasuaji. Kaza kwanza, ndipo unyanyue mguu uliofanyiwa upasuaji, kama sentimita 30. Goti likipinda hata kidogo, shusha, rudi kwenye kukaza. Ukiweza mara 10 bila kupinda, mwoneshe mtaalamu wako wa tiba ya mazoezi kabla hujaacha magongo. Mpira usubiri, angalau miezi 9.

Na shavu la mguu likivimba, likawa la moto, likauma hata ukiwa umetulia, usilikande. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.