Age of Empires 2: kabla hujamvamia jirani mapema, piga hesabu hivi

Haya wadau, leo tupo kwenye Age of Empires 2, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga kijiji na kupigana vita, ile Definitive Edition, mechi ya watu wanne kila mtu kivyake, ramani ni Arabia kwa hiyo kweupe kabisa, hamna msitu wa kujificha. Nataka tuangalie huu mtindo wa kukimbilia kumvamia jirani na farasi mara tu mtu akiingia Feudal, yani zama ya pili ya mchezo. Sikatazi, hata mimi napenda, ila mkiwa wawili kila unachomharibia mwenzako ni faida yako, mkiwa wanne nyie mnakatana mapanga huko na wale wengine wawili wanalima tu.

Kitu cha kwanza, kabla hata hujajenga zizi, bonyeza H ikurudishe Taun Senta, lile jengo lako kuu, angalia kama inatoa mwanakijiji, yani mfanyakazi wako. Mmoja ni chakula 50 na sekunde 25, na isikae bure. Hapa ndo wengi wanapofia bana, mtu yuko bize anachezesha farasi wake kwa jirani, anaona raha, huku nyumbani Taun Senta imelala dakika nzima. Alafu bonyeza na kitufe cha nukta kikuoneshe nani kasimama hana kazi, utashangaa.

Pili, hesabu yenyewe. Zizi ni mbao 175. Farasi wa skauti ni chakula 80 kila mmoja, ukitoa watano hiyo ni 400, yani wanakijiji wanane, yani nusu ya chakula cha kwenda Castle, zama ya tatu, maana kule unadaiwa chakula 800 na dhahabu 200. Kwa hiyo usijiulize kama utaua mtu, utaua, jiulize wangapi. Ukiua wawili ukapoteza farasi wote hujashinda kitu hapo, labda kama umewafukuza kazini muda mrefu, hiyo nayo inahesabika.

Tatu, tuma yule skauti uliyepewa bure mwanzoni akachungulie. Angalia anakata mbao upande gani, dhahabu yake iko wapi, kaziba kwa ukuta au hajaziba. Ukikuta kaziba pande zote, au ukiona kambi ya askari inatoa mikuki, yani askari wa mkuki, futa mpango hapo hapo. Mkuki ni chakula 35 na mbao 25 tu na umetengenezwa kuua farasi, huyo jirani anakutoa kwa bei chee.

Sasa tunaingia, nne hiyo, nimepunguza spidi ili mwone vizuri. Mimi ndo bluu. Napita upande wa mbao, mbali na Taun Senta. Naua mmoja, wa pili... haya, nyekundu, ndo huyo jirani, kapiga kengele, mnaona wanavyokimbilia ndani? Taun Senta inabeba mpaka watu 15 na kadiri wanavyojaa mishale inaongezeka. Mtu mwenye hasira anawafukuza mpaka mlangoni. Usiende! Geuza farasi, zunguka kwenye dhahabu, subiri watoke, wakitoka ingia tena.

Tano, hii ndo watu hawaiangalii kabisa. Wakati unapigana tupia jicho kona ya skrini kwenye pointi. Nyekundu kashuka, mimi nimesimama pale pale, kijani anapanda taratibu, na njano, hajarusha hata mshale mmoja, huyo kaingia Castle, si mmeona tangazo limepita hapo? Vita vya panzi furaha ya kunguru. Dakika chache anakuja na wale farasi wazito wenye deraya, na atamkuta nyekundu hoi na mimi sina mkuki hata mmoja.

Kwa hiyo mkuki wa kwanza wa nyekundu ukitokea tu, toa farasi wote, na usitume wengine wa kufidia, hapo ndo pesa inapotea kabisa maana kila farasi wa kufidia ni chakula kingine 80. Mmoja namwacha karibu na dhahabu ya njano awe jicho langu, waliobaki wanarudi kulinda machimbo yangu. Chakula chote kinachoingia kuanzia sasa hakiguswi mpaka 800 itimie, mbao zinaenda kwenye mashamba na kuziba mwanya wa upande wa njano, na nikishabonyeza Castle tu naanza kutoa mikuki.