Bantry 1796: Tusiusingizie Upepo Peke Yake

Mabibi na mabwana, ukiuliza kwa nini Wafaransa walishindwa kuteremka Bantry, Ireland, mwezi Desemba 1796, wengi watakujibu: upepo. Hata Wolfe Tone, aliyekuwamo safarini, aliandika kwenye shajara yake kwamba Uingereza haikuwahi kuponea chupuchupu namna ile tangu manowari za Wahispania za 1588. Mimi leo naomba kuutetea upepo kidogo.

Tone alikuwa mwanasheria wa Kiprotestanti wa Dublin, mmoja wa waasisi wa United Irishmen, chama kilichoundwa Belfast mwaka 1791 ili Wakatoliki na Waprotestanti wadai haki pamoja. Mapema 1796 alifika Ufaransa, akabisha hodi kwa wakubwa wa Paris kuomba jeshi la kuwaondoa Waingereza Ireland, mpaka wakamsikiliza. Wakampa wanajeshi wapatao 15,000, merikebu zaidi ya 40, na Jenerali Lazare Hoche, kijana wa miaka 28 aliyekwisha kupata sifa kubwa vitani.

Sasa angalieni. Hoche, mkuu wa jeshi, na Admeri Morard de Galles, mkuu wa merikebu, walipanda wote wawili chombo kimoja, frigeti (manowari nyepesi) *Fraternité*. Tumezoea kusema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa manahodha walibanana katika chombo kimoja, vingine vyote vikabaki yatima.

Waling'oa nanga katika bandari ya Brest, Ufaransa, jioni ya tarehe 16. Giza likiingia, Morard akabadili njia: wasipite mlango mwembamba wa Raz de Sein, wapite penye nafasi. Wengi hawakuiona ishara yake, wakashika njia ya kwanza. Naye Edward Pellew, nahodha Mwingereza wa *Indefatigable*, akajipenyeza katikati yao na frigeti yake moja, akirusha fataki na kupiga mizinga, mpaka ishara ya kweli na ya uongo zikawa hazitofautiki. Jamaa alikuwa na ujasiri wa ajabu, lazima tuseme. Manowari ya Kifaransa *Séduisant* ikapanda mwamba, ikapiga mizinga kuomba msaada, na milio hiyo ikazidi kuwavuruga wenzake. Mamia walikufa maji nchi yao ikiwa bado karibu.

Kulipokucha, *Fraternité* haikuonekana. Hoche hakuiona Bantry kabisa.

Tarehe 21 merikebu nyingi zilikuwa zimekutana mbele ya Ghuba ya Bantry, chini ya Admeri Bouvet na Jenerali Grouchy. Hapo ndipo matlai, upepo wa mashariki, ikawajia usoni, pamoja na theluji. Walibisha, yaani kwenda upande upande dhidi ya upepo, mchana kutwa wakisogea hatua chache. 15 hivi ndizo zilizofika kutia nanga kwenye kisiwa cha Bere. Tone anasema ungeweza kurusha biskuti ikafika ufukweni. Waingereza hawakuwa na jeshi la kutosha karibu, na manowari zao kubwa zilikuwa mbali. Grouchy akaazimia kuteremka na askari wapatao 6,500 aliokuwa nao.

Usiku wa Krismasi tufani ikazidi. Merikebu ya Bouvet, Grouchy akiwamo, ikakata amari, kamba ya nanga, na kutoka ghubani kwenda bahari kuu. Nakubali, hilo ni la upepo. Lakini hakuna upepo uliomlazimisha Bouvet kurudi Brest badala ya ghubani, ambako wengine, Tone miongoni mwao, walikuwa wamebaki wakingoja.

Tena, wangeteremka wangempata nani? Nguvu ya United Irishmen ilikuwa Ulster, kaskazini, na Dublin, mashariki. Bantry iko pembeni kabisa kusini-magharibi, na hapakuwa na waasi waliojipanga kuwapokea.

Maasi yenyewe yalipolipuka Mei 1798, Hoche alikwisha kufa. Jenerali Humbert wa Ufaransa alishuka Killala, magharibi mwa Ireland, mwezi Agosti na askari kama 1,000, maasi ya Wexford, kusini-mashariki, yakiwa yamekwisha kuzimwa. Tone alikamatwa Oktoba, ndani ya manowari iliyopewa jina la Hoche.

Karibuni maswali. Anayetaka kumtetea Bouvet na aanze yeye.