"Run": Herufi Tatu Zinazowatoa Jasho Wafasiri

Walimu wangu, nanyi wanafunzi wa tafsiri, asanteni kwa kunikaribisha. Leo nimekuja na neno moja tu la Kiingereza, lenye herufi tatu: "run".

Shuleni tulifundishwa kuwa ni kukimbia, na hatukudanganywa. Kazi huanza unapofungua gazeti. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, bingwa wa maana nyingi alikuwa "set". Baadaye mhariri Peter Gilliver akalikalia "run" kwa zaidi ya miezi tisa, akatoka na maana 645, tena za kitenzi peke yake. Miezi tisa, jamani! Mwenzake analea mimba mpaka anajifungua, yeye yuko kwenye neno lile lile.

Lakini hiyo 645 isiwatishe. Maana hazihesabiki kama mbuzi zizini. Mto "una-run", pua yenye mafua nayo "ina-run": hizo ni maana mbili, au ni moja ya kitu cha majimaji kutiririka? Mhariri ndiye anayeamua akate wapi.

Kilicholinenepesha neno hili, kwa sehemu kubwa, ni mashine. Zamani lilihusu zaidi wenye miguu na vitu vya kutiririka. Vikaja viwanda na treni, injini nayo "ika-run". Kisha mtu "aka-run" kiwanda, kampuni, hoteli. Leo kompyuta "ina-run" programu.

Sasa nipeni masikio kwenye benki, maana hapa wafasiri huumia. "To run a bank" ni kuendesha benki. "A run on a bank" ni wateja kuikimbilia benki wote kwa mpigo, kila mmoja anataka fedha zake kabla hazijaisha. Mwaka 2007 Waingereza walipanga foleni nje ya matawi ya Northern Rock kwa sababu hiyo. Kiini ni kile kile, ila ujirani umebadilika: kile kijineno "on" kimegeuza meneja aliyetulia ofisini kuwa umati wenye hofu. Mfasiri anayetazama "run" peke yake atatuandikia kwamba benki imekimbia. Labda na fedha zetu!

Sisi wa Kiswahili, kazi hiyo ya kugeuza maana huifanya zaidi mkiani mwa kitenzi. Kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana. Mkimbiaji anatafuta medali, mkimbizi anatafuta usalama, na kimbilio ni pale anapofikia. Mwingereza angehitaji maneno mengine kabisa kwa hao wawili, lakini sisi tumebadilisha silabi tu. Kwa hiyo ukikutana na "run", usiliulize lina maana gani. Tazama nani anafanya, kwa nani, na kijineno gani kimefuata.

Na tazama pia mwandishi ni wa wapi. Mgombea wa Marekani "ana-run", wa Uingereza "ana-stand", yaani anasimama, na magazeti ya Kiingereza ya Kenya yamezoea kuandika "vie". Kwa Kiswahili wote watatu wanagombea, na kwa maoni yangu neno letu ndilo kweli kuliko yote, maana ndani yake mmeshauona ugomvi.

Kuna mwenzangu hapo mbele ananong'ona kwamba basi "kuendesha" litatufaa popote penye mashine au kampuni. Litafaa: gari, mkutano, mradi, programu, vyote tunaendesha. Ila chunga, ndugu yangu. Ukisema tu "tangu jana naendesha", bila kutaja unaendesha nini, watu watakutafutia maji ya chumvi na sukari. Na ajabu ni kwamba Waingereza nao, tumbo likiwachafuka hivyo, husema wana "the runs". Hapo hakuna aliyemwiga mwenzake. Ni matumbo tu yanayofanana.

Haya, maswali.