Fuata asili ya neno hatua kwa hatua: leo ni "cadre", lililotupa "kada"

Karibuni tena. Leo tunalifuata neno la Kiingereza cadre mpaka shinani. Andaeni kamusi kubwa ya Kiingereza, ile inayotaja asili za maneno, pamoja na karatasi na penseli. Kamusi nyingi za mfukoni hazina asili, msihangaike nazo. Hii niliyoshika ni ya mitumba, ninaziuza, na naipenda kwa maandishi yake makubwa.

Fungueni C, halafu c-a-d. Haya, tumefika.

Sasa taratibu. Wekeni kidole kwenye neno lenyewe kabla ya kusoma chochote. Hapa juu kuna cadet, chini yake kuna cadi, ambaye ni kadhi wetu kabisa, kutoka Kiarabu, na chini zaidi ndiyo cadre. Msichanganye cadet na cadre! Kadeti ana ukoo wake: Kilatini caput, kichwa, likapita Gascony kusini-magharibi mwa Ufaransa, likawa jina la mtoto wa kiume mdogo katika familia ya kikabaila, na watoto hao wengi walikwenda jeshini. Ndiyo maana maneno haya mawili yanavaa sare moja na watu wanayaita ndugu. Si ndugu. Kidole kibaki kwenye cadre.

Tafuteni mabano ya asili. Kamusi nyingine huyaweka mwanzoni, nyingine mwishoni... subirini, taa inamulika karatasi, hamwoni kitu. Niinamishe kidogo. Hapo sawa? Sawa.

F au Fr ni Kifaransa, It ni Kiitaliano, L ni Kilatini. Andikeni kwa mshale: cadre ya Kiingereza, cadre ya Kifaransa, quadro ya Kiitaliano, quadrum ya Kilatini. Mwisho wa safari ni mraba, kitu cha pembe nne. Kwa Kifaransa hadi leo cadre ni fremu ya picha.

Fremu imekuwaje watu? Hapa ndipo ninapopapenda. Wanajeshi wa Ufaransa waliliita hivyo kundi la maofisa na wasaidizi wao waliofunzwa, wanaobaki kikosini hata wakati wa amani. Vita vikija, kuruta wanaingizwa humo. Ni kama nyumba ya udongo: nguzo na fito husimama kwanza, kukandika kunafuata. Kiingereza kikalichukua karne ya 19.

Warusi nao walilichukua, na kwao likahamia kwenye siasa. Mwaka 1935 kiongozi wao Stalin aliwaambia wahitimu wa vyuo vya kijeshi kwamba makada ndio huamua kila kitu. Kwetu Tanzania, TANU ilifungua Chuo cha Kivukoni mwaka 1961, na viongozi na makada wa chama wakafundishwa pale.

Hatua ya mwisho ni kurudi kwenye Kiswahili mlinganishe. Tunasema kada wa chama, makada, na kwenye matangazo ya ajira serikalini mnasoma kada za afya na ualimu. Mafunzo bado yamo ndani ya neno. Kwa hiyo mimi simwiti kada kila aliyevaa fulana ya chama siku ya mkutano. Huyo ni mwanachama, au mshabiki. Kada ni aliyefunzwa, ambaye wengine wanaweza kupangwa kumzunguka.

Kabla hamjafunga kamusi, rudieni mshale wenu. Ukiona caput popote, umeshuka kwenye mstari wa kadeti. Futa, anza upya.

Kazi ya nyumbani: kombania ya jeshi. Tafuteni company, fuateni mpaka Kilatini, mtakuta watu wanaokula mkate pamoja. Niandikieni chini mlipita lugha zipi, na anayetaka kamusi kama hii aniambie, zimebaki chache.