Kuokota vumbi la risasi sakafuni bila kuliharibu

Jambo wandugu wa Lubumbashi, na ninyi wa Kipushi na Likasi. Leo tuko na kazi ya kuchukua vumbi katika nyumba ya mtoto ambaye damu yake imekutwa na risasi, ile metali yenye sumu. Ila mlangoni usitamke "risasi" peke yake, mama atafikiri umekuja kutafuta bunduki. Sema plombi.

Siku moja kabla, waombe wasifagie. Huku kwetu mgeni akitangazwa tu, fagio limeshashikwa, na vumbi lako linaishia jalalani. Ukikuta wamefagia na kupiga deki, panga siku nyingine.

Vifaa: lenjeti (vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia) zisizo na mafuta wala manukato, za aina ambayo maabara yako inaikubali, tubu ngumu za mililita 50 zenye kifuniko cha kuzungusha, glavu zisizo na poda, skochi ya karatasi (utepe wenye gundi), na fremu yenye nafasi ya sentimita 30 kwa 30. Fremu tunazikata sisi, anayetaka aandike hapo chini. Mfuko wa plastiki usiuguse kwa kazi hii: vumbi linang'ang'ania ndani ya mfuko, maabara inapima kilichobaki tu kwenye kitambaa.

Chagua pale mtoto anapocheza kweli, si nyuma ya kabati. Weka fremu, bana kwa skochi... Mnaona? Haishiki. Sementi yenye vumbi haipendi skochi. Usipanguse ili ishike! Utakuwa umefuta kile ulichokuja kukiokota. Mwenzako aibane fremu kwa vidole viwili, upande wa nje.

Sasa, kabla ya glavu: andika namba kwenye tubu, legeza kifuniko, fungua pakiti. Halafu vaa glavu mpya. Ukishavaa usishike simu, kalamu wala pua. Marekani, mwaka 2024, kiwango cha juu cha risasi kwa sakafu iliyosafishwa kilishushwa kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa futi moja ya mraba, eneo linalokaribiana na fremu yetu. Mikrogramu 5 hazionekani kwa macho. Glavu iliyogusa suruali yako inaweza kuzileta.

Pangusa kushoto kwenda kulia, ukishuka kama unachora S nyingi, kwa nguvu ya kawaida. Kunja katikati, uchafu ndani. Rudia juu kwenda chini. Kunja tena, uchafu ndani. Mara ya tatu pita kingo na pembe nne, kunja, tumbukiza kwenye tubu. Narudia kwa sababu hapa ndipo mikono inateleza: uchafu NDANI. Ukikunja kinyume, vumbi linahamia kwenye glavu na matokeo yanashuka, nyumba chafu inaonekana safi. Lenjeti ikianguka, tupa, badili glavu, hamia sehemu ya pembeni. Pale pa kwanza pameshapanguswa.

Dirishani hakuna fremu. Bandika skochi kwenye ncha mbili za kizingiti, pangusa katikati, halafu ndipo upime urefu na upana. Rula ikitangulia, imeshakokota vumbi.

Sakafu ya udongo haipanguswi. Kwangua sentimita moja ya juu, sehemu kadhaa, changanya.

Kila nyumba, lenjeti moja tupu: glavu mpya, kunja mara tatu hewani, ingiza kwenye tubu, ipe namba kama nyingine, usiwaambie maabara ni ipi. Ikirudi na risasi, shida ni mikono yako au pakiti, si nyumba.

Fomu ni ya haraka, lakini usisahau tarehe, maana vumbi la Agosti si la Januari. Uliza nani anafungua betri za gari, nani anarudi na nguo za mgodini, nani anakula pemba (udongo wa kula), na kama wanapikia sufuria zilizoyeyushwa kutoka vyuma chakavu. Upande bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, lilipo nao uandikwe. Upepo wetu mwingi unatoka kusini-mashariki.

Kabla ya chumba cha pili, pangusa fremu kwa lenjeti nyingine. Hiyo haiendi maabara, ni takataka, iwekwe mbali na tubu.