Kiti cha Kwanza ni cha Nani?

REHEMA: Karibuni tena. Leo Mwalimu alikuja na karatasi, kaandika mambo matatu ya kuwafundisha wenye shughuli kuhusu itifaki: nani umwalike, umketishe wapi, umtaje wa ngapi. Lakini tangu aingie humu studio hajaigusa. Mwalimu, kulikoni?

ELI: Dada Rehema, Jumamosi nilikuwa kwenye mahafali ya kidato cha nne ya binti wa marehemu kaka yangu. Shule ipo huku huku Moshi, siitaji jina. Mpaka leo sijatulia.

REHEMA: Mtoto si kamaliza salama?

ELI: Kamaliza, namshukuru Mungu. Sasa sikiliza. Watoto wamekaa juani tangu asubuhi, turubai limefungwa upande wa meza kuu tu. Mgeni rasmi kaingia saa sita. Hilo nalivumilia, watu wana kazi. Kilichonichoma ni kwamba kila aliyeshika kipaza sauti alianza upya. Mheshimiwa mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani, Afisa Elimu, Mtendaji wa Kata, mwenyekiti wa mtaa, wenyeviti wa mitaa jirani, viongozi wa dini, viongozi wa chama, mwenyekiti wa bodi ya shule, wajumbe wa bodi kwa majina yao. Huyo akikaa, anasimama mwingine, anaanza tena na mgeni rasmi.

REHEMA: Hapo mshereheshaji ndiye aliyezembea. Orodha ikishatajwa mara moja, wanaofuata wanasema "itifaki imezingatiwa", wanaingia kwenye hoja. Maneno hayo yana kazi hiyo.

ELI: Walisema! Walisema itifaki imezingatiwa, halafu wakaitaja.

REHEMA: Aisee.

ELI: Ikafika risala ya wahitimu. Binti kasimama, ana karatasi mbili zimebanwa pini, mkono unamtetemeka mpaka karatasi zinasikika kwenye spika. Kasoma idadi yao, wavulana wangapi, wasichana wangapi, kasoma mafanikio ya michezo. Anafunua ukurasa wa pili, mshereheshaji kamwendea, kamnong'oneza kwamba muda umekwisha, amkabidhi tu mgeni rasmi. Ukurasa ule niliuomba baadaye nikausoma. Ndio uliokuwa na habari ya maabara. Hawana vifaa vya kemia, mazoezi ya vitendo wanafundishwa kwa michoro ubaoni.

REHEMA: Hilo halikusomwa?

ELI: Halikusomwa. Na mgeni rasmi kasimama kuijibu risala. Kajibu nini, dada yangu, kama cha maana hakukisikia? Kawasifu nidhamu, kawaasa wasome kwa bidii, basi.

REHEMA: Hiyo inauma, sikatai. Lakini usiitupie lawama itifaki. Mimi nasimamia shughuli karibu kila wiki, naijua thamani yake. Huku kwetu mbuzi wa ukoo akichinjwa, kila sehemu ina mwenyewe. Ukimpa mjomba nyama isiyo yake, hasusi kwa sababu ya njaa, anasusa kwa sababu umemwambia mbele ya watu kwamba humtambui. Ofisi za serikali ni vilevile. Mpangilio upo ili watu wasigombane.

ELI: Watu wazima wagombane kwa kiti?

REHEMA: Wameshauana kwa kiti! Mwaka 1661, London, balozi mpya wa Sweden alikuwa anapokewa. Gari la farasi la balozi wa Hispania na la balozi wa Ufaransa yakagombea kutangulia kwenye msafara. Watu wakafa pale pale barabarani, na mfalme wa Ufaransa akatishia vita. Ulaya ilihangaika na jambo hilo mpaka mkutano wa Vienna wa 1815, ndipo wakakubaliana mabalozi wa daraja moja wapangwe kwa tarehe. Na Mkataba wa Vienna wa 1961, ibara ya 16, unasema hivyo hivyo: aliyeanza kazi kwanza ndiye anayetangulia. Nchi yake ina ukubwa gani, ina fedha kiasi gani, haiulizwi.

ELI: Hiyo ya mabalozi naipenda, kweli kabisa.

REHEMA: Ndiyo maana hapa kwetu balozi wa Komoro amewahi kuwa kiongozi wa mabalozi wote, akizungumza kwa niaba ya Marekani, China na wengine. Kwa sababu alitangulia kufika. Ukiondoa utaratibu, atakayekaa mbele ni mwenye nguvu.

ELI: Sawa. Lakini tarehe haina upendeleo. Sisi kwetu nani kapanga, na kwa kigezo gani? Nimefundisha uraia miaka mingi, na hapo darasa zima hunyoosha mikono. Baada ya Rais na Makamu wa Rais, anafuata nani?

REHEMA: Rais wa Zanzibar. Sikiliza hotuba yoyote kubwa ya kitaifa: Makamu wa Rais, Rais wa Zanzibar na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi, kisha Waziri Mkuu.

ELI: Sasa fungua Katiba, ibara ya 54, wajumbe wa Baraza la Mawaziri: Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Rais wa Zanzibar na mawaziri wote. Waziri Mkuu katangulia. Si hilo tu. Rais asipokuwepo, kikao kinaongozwa na Makamu wa Rais. Wote wawili wasipokuwepo, anaongoza Waziri Mkuu. Kwa maandishi, Rais wa Zanzibar anakaa kikaoni chini ya uenyekiti wa Waziri Mkuu. Uwanjani anatajwa kabla yake. Hapo utaratibu wako ni upi?

REHEMA: Kikao kina mwenyekiti, sherehe ina heshima. Ni vitu viwili.

ELI: Havikuwa viwili mwanzoni. Muungano ulipofanyika, Aprili 26, 1964, Mzee Karume alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais na Mzee Kawawa Makamu wa Pili. Yaani kiongozi wa Zanzibar alikuwa wa pili kwa cheo katika Jamhuri nzima, kwenye sherehe na kwenye madaraka. Likaendelea hivyo kwa Mzee Jumbe.

REHEMA: Akaja Mzee Mwinyi.

ELI: Ehe, 1985! Rais wa Muungano sasa anatoka Zanzibar. Wakapindua viti: Waziri Mkuu akawa ndiye Makamu wa Kwanza wa Rais, Rais wa Zanzibar akawa Makamu wa Pili. Ndiyo maana Jaji Warioba ukisoma wasifu wake utakuta Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais. Kisha Mzee Malecela. Na wa mwisho alikuwa wa kwetu Kilimanjaro, Mzee Msuya wa Mwanga, 1994 hadi 1995.

REHEMA: Mzee Msuya alikuwa Makamu wa Kwanza? Wengi hawalijui hilo. Watu wa Mwanga mpaka kesho wanamtaja kama Waziri Mkuu tu.

ELI: Alikuwa. Basi vyama vingi vikarudi 1992, na swali likazuka: je, Zanzibar ikimchagua Rais wa chama kingine? Awe Makamu wa Rais wa Muungano wakati ni mpinzani wake? Yakafanyika mabadiliko ya kumi na moja ya Katiba, 1994. Makamu akawa mmoja, anagombea pamoja na Rais kama mgombea mwenza. Wa kwanza kwa mfumo huo ni Dkt. Omar Ali Juma, 1995. Rais wa Zanzibar akaondolewa kwenye umakamu, akabaki mjumbe wa Baraza la Mawaziri.

REHEMA: Na wenzetu wa Zanzibar hilo halijawatoka moyoni. Ukikaa nao kidogo barazani utalisikia. Unaona sasa unanisaidia mimi? Kiti kingekuwa mapambo, nani angelalamika mpaka leo?

ELI: Nakusaidia wapi! Nasema orodha imebadilishwa 1985, ikabadilishwa 1994, kwa sababu za kisiasa za wakati ule. Kilichopangwa na watu kinapangika upya.

REHEMA: Kwa Katiba, Mwalimu, si kwa kila kata kujipangia. Halafu tazama Machi 2021. Hayati Magufuli amefariki tarehe 17, tarehe 19 Mama Samia anaapishwa. Nchi nzima ilikuwa na simanzi, lakini hakuna aliyeuliza nani anafuata. Ibara ya 37 ya Katiba ilishajibu: ni Makamu wa Rais. Ile safu ya viti tunayoiona kila sherehe ndiyo iliyotuzoesha kujua nani yuko nyuma ya nani.

ELI: Hapo umeleta hoja nzito. Lakini hiyo ni Ikulu. Nirudishe hapa wilayani. Kwenye shughuli zetu Mkuu wa Wilaya anatajwa kabla ya mbunge. Kwa nini? Mbunge kapita kwenye kura, watu wamepanga foleni kumchagua. Mkuu wa Wilaya kateuliwa, wakati mwingine hata mwezi hajamaliza hapa, Rau haijui, Pasua haijui. Mimi nasema aliyechaguliwa na wananchi atangulie mbele ya wananchi wake.

REHEMA: Hapana. Mkuu wa Wilaya pale hakai kwa jina lake, anamwakilisha Rais, na Rais naye kachaguliwa, tena na nchi nzima. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Ikitokea vurugu pale uwanjani, polisi wanamtazama nani? Mbunge?

ELI: Unachanganya mamlaka na heshima. Najua ana mamlaka. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa hata uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani saa 48. Je, hiyo ndiyo sababu ya kumtaja kwanza? Tunamtanguliza kwa sababu tunamwogopa?

REHEMA: Sikusema kuogopa. Nasema serikali ina mnyororo, na wilayani kichwa chake ni yeye. Mbunge ni mtu wa mhimili mwingine, cheo chake kikubwa kiko Bungeni Dodoma. Na fikiria mbunge ni wa chama pinzani, unamtanguliza mbele ya mwakilishi wa Rais. Shughuli inageuka mkutano wa siasa.

ELI: Na akiwa wa chama tawala mbona bado anakaa pembeni?

REHEMA: Kwa sababu utaratibu haubadiliki kwa chama. Ndio uzuri wake.

ELI: Uzuri kwa nani? Mwananchi wa Njoro anaona aliyemchagua yeye ni wa tatu, wa nne. Anajifunza kwamba kura yake ni ndogo kuliko barua ya uteuzi. Mimi hilo siwezi kulifundisha darasani kwa moyo safi.

REHEMA: Wafundishe kwamba kura ile ile ndiyo ilimweka anayeteua.

ELI: Hapo hatutaelewana, dada.

REHEMA: Hatutaelewana, na mimi sishuki.

ELI: Na mimi sishuki. Ila kwenye mahafali, wote wawili, aliyechaguliwa na aliyeteuliwa, wamsubiri mtoto. Risala isomwe ya kwanza. Mgeni rasmi akiketi tu, kabla ya salamu za bodi, kabla ya utambulisho, binti asimame asome kurasa zake zote.

REHEMA: Kabla ya utambulisho? Atamsomea nani, kama hata hajatambulishwa? Mwalimu, ungekuwa wewe ndiye mgeni ungeona umekaribishwa?

ELI: Ningeona nimeitwa kwa sababu.

REHEMA: Mimi ningefupisha. Mtambulishaji mmoja, orodha moja, wengine wote marufuku kuirudia. Saa nzima inaokolewa hapo, na risala inabaki mahali pake.

ELI: Mahali pake ni pale inapokatwa kila mwaka.

REHEMA: Isikatwe! Ndicho ninachosema. Ngoja, kijana wetu wa mitambo ananionyesha saa. Tumebakiza dakika moja?

ELI: Na karatasi yangu je? Jambo la kwanza lilikuwa barua za mwaliko, nilitaka kueleza nani aandikiwe kwa cheo na nani kwa jina.

REHEMA: Haiwezekani kwa dakika moja. Na la pili tungerudi kule kule kwa Mkuu wa Wilaya.

ELI: Basi niseme hili tu. Huo ukurasa wa pili nimeupiga chapa upya, na wazazi tunaupeleka halmashauri Jumatatu. Mwenye mtoto pale shuleni na anayetaka kutia sahihi anajua pa kunipata, nyuma ya soko la Mbuyuni, jioni yoyote.

REHEMA: Nami nitatia, hata kama sina mtoto pale. Wiki ijayo tunaye mkulima wa kahawa kutoka Kibosho, tutaongea bei na vyama vya ushirika. Mwalimu, njoo na karatasi fupi.

ELI: Nitakuja na hii hii.

REHEMA: Haya, usiku mwema, wapendwa.